Meli za Makasha ya Nyanya

Nilikwenda Buguruni kufuata kabati langu kwa fundi. Aliniahidi Jumatatu, na nyie mnaijua Jumatatu ya fundi. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga tangu nyumbani, makali kwelikweli. Naingia tu bandani, kijana mmoja anafungua kopo la tina ya kuyeyushia rangi, mwingine anapiga msasa, vumbi la mbao limejaa hewani na gundi nyeupe inakaukia kwenye pembe za kitanda. Maneno yote yakaniishia. Nikakaa kwenye ubao, machozi yakaanza kunitiririka mbele za watu, mimi ambaye hata msibani huwa napika wenzangu wakilia. Masikini fundi akadhani ni kwa sababu ya kabati. Akaniapia kwamba kesho asubuhi analileta mwenyewe.

Haikuwa kabati. Ile ilikuwa harufu ya chumba cha uani cha nyumba yetu ya Kariakoo, chumba cha kaka yangu Seif. Seif alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yangu, mimi wa mwisho, na katikati yetu walipita wawili waliokufa wachanga ambao nyumbani hawakutajwa. Nyumba aliijenga babu: vyumba sita, korido ndefu katikati, uani bomba na choo. Vyumba vya mbele walikaa wapangaji, sisi tulikaa nyuma. Leo pale pana ghorofa la maduka ya mikoba, na ukisimama kidogo kuangalia utaambiwa "dada, pisha" na mtu wa mkokoteni.

Seif alikuwa anaunda meli. Siyo majahazi, na ukimwambia atengeneze na jahazi alikukunjia uso. Yeye ni meli za mizigo, zile ndefu zenye winchi juu na nyumba nyeupe huku nyuma. Siku zenye kibarua alikwenda bandarini kubeba magunia, siku zisizo na kibarua, ambazo ndizo zilikuwa nyingi, alijifungia chumbani na wembe na msasa. Mbao aliziokota sokoni, za makasha ya nyanya yaliyovunjika, kwa hiyo meli mpya ilinuka nyanya zilizooza mpaka apake rangi. Alianza kwa kuichora kwa chaki sakafuni. Akishaikubali alikata mbavu, akazipanga kwenye mkuku, ule uti wa chini wa meli, kisha ubao mwembamba aliuloweka katika sufuria ya mama yenye maji ya moto mpaka ulegee, akaupinda taratibu kwenye goti na kuufunga kwa mpira wa baiskeli. Kamba zilitoka kwenye nyuzi za baba, aliyekuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka mtaa wa pili. Madirisha ya duara yalitoka kwenye kopo la vifungo la huyohuyo baba, bila ruhusa. Vizuizi vya pembeni vilikuwa vijiti vya mishkaki, na mimi ndiye niliyeviosha mafuta.

"Seif, hiyo sufuria nachemshia nini sasa?" mama alikuwa akipiga kelele kutoka uani.

"Mama, dakika moja tu."

"Dakika yako naijua. Mbao zote hizo si ningewashia jiko tukala? Utakula meli?"

Lakini wakija wageni, mama huyohuyo alikuwa anawapeleka mpaka chumbani kwa Seif na kusema, "Hebu oneni huyu mwehu wangu," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeringa.

Baba hakuzipenda hata kidogo. Alisema mtoto wa kiume wa umri ule angeshika cherehani, angeuza hata mikanda pale Mchikichini, siyo kuchezea mbao na mtoto wa darasa la tatu. Mtoto huyo wa darasa la tatu ni mimi, na sikuona ubaya wowote.

Kwa sababu meli za Seif zilikuwa na kitu kimoja ambacho sijakiona tena popote. Sitaha yake ilifunguka kama kifuniko cha chungu. Ukiinua unakuta ndani kila kitu: jiko, vyumba vya mabaharia, chumba cha mashine, kile chumba kirefu cha mbele unamojikusanya mnyororo wa nanga, na katikati tumbo kubwa la kuwekea shehena. Na kulikuwa na mchezo. Seif alichukua njiti ya kiberiti, ile yenye kichwa chekundu, akaniambia, "Huyu baharia. Geuka kule, hesabu." Mimi nageuka ukutani, nahesabu, yeye anaificha njiti ndani ya meli, kisha natafuta. Ilikuwa kombolela yetu ya ndani. Wenzangu mliocheza kombolela mnakumbuka sheria yake: wote mkishakamatwa, yule mmoja asiyeonekana ndiye tumaini lenu, akichomoka na kugusa ukuta amewakomboa wote.

Nilikuwa hodari, nisijidanganye. Nilimkuta baharia chini ya mashua ya kuokolea, nilimkuta nyuma ya matangi, nilimkuta kwenye mnyororo. Nilichoshangaa ni kwamba Seif hakuwa akinipongeza. Alikuwa anauliza.

"Umejuaje?"

"Ningekuwa mimi ningejificha hapo."

"Na ungekuwa wewe baharia mwenye tochi, ungeanza kuangalia wapi?"

Nikamwonyesha. Akakuna ndevu ambazo bado hakuwa nazo, akaitoa njiti. Siku nyingine alikuwa anavunja kabisa ukuta wa chumba cha meli na kuujenga upya, eti bandarini ameona hauko hivyo. Mimi moyoni nikasema kaka yangu ananipenda jamani, anahangaika hivi ili mchezo wangu uwe mgumu.

Kisha ikaja siku ambayo sikumpata. Seif alikuwa amelijaza tumbo la meli mahindi ya kweli, aliyoyachota kwenye ndoo ya mama. Nilitafuta jikoni, nikatafuta kwenye mashine, nikainua kila kinachoinuka. Mahindi niliyatazama tu, maana nilijua hakuna mtu anayekaa ndani ya mahindi. Nikasalimu amri. Seif akaingiza kidole katikati ya punje, akamchomoa baharia wake mzima, kichwa chekundu kikiwaka. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaninyanyua mabegani akanizungusha uani, mama akipiga kelele kwamba tutaangusha nguo, na wapangaji wakitoka kuona kuna nini. Sikumbuki kumwona na furaha namna ile siku nyingine yoyote.

Asubuhi aliyoondoka Seif, mama alikuwa anachambua mchele. Seif akasema anakwenda Mchikichini kuangalia viatu vya mtumba.

"Mbona umenenepa ghafla?" mama akamuuliza.

Alikuwa amevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine. Akacheka, akasema mapishi yako mama. Akanigonga kichwani kwa kidole, akapita koridoni, akatoka. Mama hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

Hakurudi siku ile wala iliyofuata. Baba alifunga cherehani, akaenda kituo cha polisi, kisha hospitali kubwa ya Upanga, wodi kwa wodi, na mwisho mochwari. Alirudi amekaza midomo, akaomba maji. Mama alikuwa hali chakula, anakaa mlangoni na kanga kichwani. Ndipo vijana wa kijiweni, walipoona mambo yamekuwa makubwa, wakamtuma mmoja wao aje kusema. Akasimama uani akiangalia miguu yake.

"Shikamoo mama. Seif na mwenzetu Chande wamezamia."

Sote mjini hapa tunajua maana yake: wameingia meli ya mizigo kwa siri, wamejificha ndani, itakakowapeleka ndiko hukohuko. Baba akapiga ukuta kwa ngumi. Lakini mama akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe mzima." Akainuka akawasha jiko.

Na mimi? Mimi nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Kumbe Seif kaingia kwenye meli ya kweli, kajificha! Kombolela ya dunia nzima! Baba anamtafuta hamwoni, polisi hawamwoni, mabaharia wenye tochi hawamwoni. Kadiri siku zilivyopita bila habari ndivyo nilivyozidi kutamba shuleni. Wakiniuliza kaka yako yuko wapi, nilijibu hajaonekana bado, kwa kiburi, kama mtu anayetaja matokeo ya mpira. Nilijua atachomoka siku moja na kutukomboa sote, maana mwenyewe alishasema siku moja akifika ng'ambo atatutoa katika vyumba hivi, mama atapika kwenye jiko la gesi na baba atapata cherehani ya umeme.

Mama alisubiri simu. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na hadithi ya kijana aliyenyamaza mwaka mzima kisha akapiga simu kutoka Durban, na mama alizijua zote kwa majina. Meli aliyoiacha Seif, ile ya mahindi, aliitoa chumbani akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaifunika kitambaa cha kufumwa. Aliyekuwa akitaka kuziwashia jiko sasa hakuruhusu mtu aiguse. Nilikatazwa hata kuinua sitaha.

Simu haikuja. Nilivuka darasa, nikavuka jingine, sare zikawa fupi zikabadilishwa. Siku moja, mbele ya chakula cha mchana, baba akalisema lililokuwa moyoni.

"Mama Seif, nimezungumza na sheikh. Anasema tumsomee mtoto hitma."

Mama akaweka tonge chini. "Hitma ya nani?"

"Unajua ya nani."

"Ukimsomea hitma umemzika. Utamzikaje mtu anayetembea? Umeiona maiti yake wewe?"

"Na wewe umemwona akitembea?"

Mama akainuka na sahani yake. Tangu siku hiyo walizungumza kupitia kwangu: mwambie baba yako, muulize mama yako. Majirani nao walianza kumwita mama kwa jina langu, Mama Zuhura, kwa huruma tu, ili wasimchome. Hakuitikia. Unaweza kumwita Mama Zuhura mara ngapi, anaendelea kuosha vyombo kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Ukisema Mama Seif anageuka hapohapo. Na mimi niliumia, sasa naweza kusema. Kwani mimi nilikuwa mtoto wa nani?

Kisha siku moja Chande akaja, baada ya Alasiri. Sikumtambua. Alipoondoka alikuwa kijana wa kifua kipana mwenye utani na kila mtu, aliyesimama mlangoni sasa alikuwa mwembamba, jino la mbele hana, shati limemning'inia. Alipiga hodi mara moja tu. Baba, aliyekuwa akishona vifungo vya nguo ya mteja, akaacha sindano ikining'inia. Mama akatoka chumbani, akamtazama, akatazama nyuma yake, koridoni, kama mtu anayengoja wa pili aingie. Hakuingia mtu.

"Karibu baba," mama akasema. "Zuhura, lete maji."

Chande alikunywa. Alisema tu nisamehe mama, nisamehe mama. Alikuwa amerudishwa nchini muda mrefu, akawa analala huku na huku, kila akifika kona ya mtaa wetu anageuza. Mama hakumkatiza. Akaenda kwenye kabati la vyombo, akaondoa kitambaa, akaibeba meli kwa mikono miwili, akaiweka mkekani mbele yake.

"Nionyeshe," akasema. "Mwanangu alikaa wapi?"

Chande akainua sitaha. Miaka yote ile haikuwa imefunguliwa. Yale mahindi yalikuwa yamebunguliwa, yamebaki maganda na unga unga, na fukusi wachache wakakimbia kwenye mwanga. Chande akaweka kidole katikati.

"Hapa, mama."

Akaeleza. Meli ilibeba mahindi. Yeye aliogopa kuingia kwenye nafaka, akajibana mbele kwenye mnyororo, na siku ya pili tu akakamatwa. Seif alisema pale hakuna atakayemtafuta, alishapajaribu nyumbani. Kabla ya meli kuondoka, watu wa meli walimwaga dawa ya wadudu yenye hewa ya sumu juu ya mahindi wakafunga vifuniko, ndivyo wanavyofanya, na wao wawili hawakulijua hilo. Alipokamatwa, Chande aliwapigia magoti, akawaonyesha kwa mikono kwamba yupo mwingine mle ndani. Wakafungua. Alikuwa ameshakufa.

Nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa, na nikaelewa yote kwa pamoja: maswali yale, tochi ile, kicheko kile cha uani. Mwanzoni sikusikia huzuni. Nilisikia hasira, na hasira hiyo na Seif ninayo mpaka leo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Uliniuliza mimi, Seif? Katika watu wote wa bandari ile, mabaharia, makuli, walinzi, ukaja kumuuliza mtoto wa darasa la tatu mahali pa kukaa? Sikujua chochote. Nilikuwa nacheza.

Mama aliendelea kuuliza, kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mtu bei ya samaki.

"Wakamzika wapi?"

"Baharini, mama."

"Na sanda?"

"Hakukuwa na sanda. Walimfunga turubai."

"Nani alimsomea?"

Chande akafunika uso. "Mimi. Mikono wameshanifunga. Nilikuwa najua Fatiha tu, mama. Nikaisoma hiyohiyo."

Mama akamshika kichwa, akasema Mungu akulipe. Hakulia. Baba ndiye aliyelia, amegeukia ukutani.

Asubuhi yake tulimkuta mama uani. Ameipangusa meli kwa maji ya bomba na kitambaa safi, ameondoa fukusi na maganda yote, ameipaka kafuri ya maiti. Alichukua bafta kwenye rafu ya baba, akaichana kwa mkono, sanda haikatwi kwa mkasi, na alikuwa akiikunja meli ndani yake, taratibu, akifunga huku na huku. Wapangaji wamesimama milangoni wanatazama. Baba akamwita sheikh wa msikiti wetu, mzee mpole aliyekuwa amenifundisha juzuu. Akaja na watu wawili watatu, akachutama karibu na mama.

"Mama Seif, pole sana. Lakini mbao hazikoshwi, wala hazizikwi. Haifai. Maiti hayupo, basi tutamswalia swala ya ghaibu leo hii, na hitma tutaisoma. Mtoto haki yake ataipata."

"Sawa, sheikh," mama akajibu. "Mswalieni, msomeeni, sitakataa tena. Lakini mwanangu hajatoka kwenye nyumba hii. Alipita mlango ule na suruali mbili, mimi sikumtazama. Leo anatoka, namtazama."

Sheikh akasema haifai mara ya pili, kwa upole uleule. Wanaume wakaangalia chini. Nilijua baba atasema nini, maana baba ndiye aliyezichukia meli zile, na baba alikuwa mtu wa sheria. Alikwenda chumbani. Akatoka amevaa kanzu na kofia. Akainama, akauchukua ule mzigo mweupe kutoka kwenye mapaja ya mama, akauweka begani, akamwambia Chande, "Twende." Wakapita koridoni wawili tu, baba mbele. Sheikh hakuwazuia, na hakuwafuata. Mama alisimama mlangoni, akawatazama mpaka wamekunja kona.

Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo sikuona chochote zaidi ya hapo. Mpaka baba anafariki sikumuuliza alikwenda makaburi yapi, wala nani alimruhusu kuchimba, wala kama alichimba kweli. Tulikaa mkekani mimi na mama, jua likapanda, adhana ya Adhuhuri ikapita, watu wa sokoni wakipiga kelele za bei ng'ambo ya ukuta kama siku yoyote. Walirudi kabla ya Alasiri. Kanzu ya baba ilikuwa na udongo magotini.

Mama hakumngoja akae.

"Umemlaza vipi?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kumwambia moja kwa moja tangu siku ile ya chakula. Baba akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Ubavu wa kulia," akasema. "Uso kibla."

"Umemtia udongo kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Mama akaitikia kwa kichwa, kidogo, mara kadhaa. Kisha akafungua mdomo, na kilio alichokizuia miaka yote ile kikatoka, cha sauti kubwa, cha mtu aliyefiwa leo, mpaka wauza vitambaa wa barazani wakanyamaza. Wanawake wa vyumba vyote wakatoka na kanga zao, mmoja akamshika mabega, wengine wakatandika mikeka uani, tukaanza matanga.